Mkojo wa Askari wa Berlin na Mkonge wa Tanga

Pakiti ya vidonge vya majira tunayouza sana hapa dukani kwetu Buguruni ina vidonge 28. Vile 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu. Homoni iko kwenye 21 vilivyobaki, na estrojeni, yaani homoni ya kike, ya kidonge kimoja ni miligramu 0.03. Kijana wa bodaboda aliyekuja kumchukulia mkewe aliisoma hiyo namba mara mbili.

"Dada, hii si vumbi? Na wanaitoa wapi?"

"Siku hizi kiwandani. Zamani kwenye mikojo."

Akacheka, akadhani namtania. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1927 Selmar Aschheim na Bernhard Zondek wa Berlin walionyesha kuwa mkojo wa mama mjamzito umejaa homoni. Mwaka 1929 Edward Doisy kule Marekani na Adolf Butenandt kule Ujerumani, kila mtu kivyake, wakapata humo estroni safi, moja ya hizo estrojeni.

Homoni ya kiume iliwatoa jasho zaidi. Mwaka 1931 Butenandt alipata miligramu 15 tu za androsteroni, na mali ghafi yake ilikuwa karibu lita 15,000 za mkojo wa askari polisi wa Berlin. Piga picha simtanki 15 za lita elfu moja moja zimepangwa uani, zote mkojo, na mwisho wa kazi yote unabaki na chembe zisizofunika hata ncha ya kijiko. (Kijana alitaka kujua kama askari walilipwa. Swali zuri, sikuwa na jibu.) Kule Amsterdam, mwaka 1935, Ernst Laqueur na wenzake walisaga karibu kilo 100 za korodani za fahali wakaambulia miligramu 10 za testosteroni, homoni kuu ya kiume. Mwaka huohuo Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja na kundi lake, wakaitengeneza kutoka kwenye kolesteroli. Machinjio yakapumzika.

Nobeli ya kemia ya 1939 waligawana hao wawili. Sawa, walistahili. Ila mimi ninayeuza dawa namvulia kofia zaidi Russell Marker, Mmarekani mbishi aliyekwenda Mexico kuchimba viazi vikuu vya porini. Alijua namna ya kuigeuza diosgenini, kemikali iliyomo humo, kuwa projesteroni, homoni nyingine ya kike. Kampuni kubwa hazikutaka kumsikiliza, akaifanya mwenyewe, akatoka na kilo kama tatu wakati gramu moja ilikuwa ikiuzwa dola 80. Mwaka 1944 akashiriki kuanzisha kampuni ya Syntex hukohuko Mexico, na mwaka 1951 katika maabara hiyo kijana Luis Miramontes akatengeneza noretisteroni, homoni ya jamii ya projesteroni, ambayo unaweza kuimeza ikafanya kazi. Bila hiyo hatua, wateja wangu wangekuwa wanachomwa sindano tu.

Na msidhani hayo ni ya Mexico peke yake. Utomvu wa mkonge una hekojenini, kemikali ambayo nayo hugeuzwa kuwa steroidi (jamii ya kemikali ambamo homoni hizi zimo), na Waingereza waliwahi kuitumia ya Afrika Mashariki kutengenezea dawa za jamii ya kotisoni, zile za kutuliza uvimbe. Babu yangu alikuwa manamba Muheza, na kazi aliyoijua yeye ni kukata majani ya kutengenezea kamba. Singa zenyewe, yaani nyuzi za kamba, ni kama asilimia 4 tu ya jani. Kinachobaki, pamoja na hekojenini yake, mashamba mengi bado yanakimwaga.