Nilivyoyapaka rangi makabati ya zamani ya jikoni kwa mikono yangu

Kila fundi niliyemwita kuangalia makabati yangu ya jikoni alisema lilelile: dada, haya ni ya kung'oa. Mmoja wa Keko, hapa Dar es Salaam, alinipigia hesabu ya makabati mapya ya MDF, ikapita milioni mbili kabla hata ya usafiri wa kuyaleta Tabata. Fedha hiyo sikuwa nayo. Na hata ningekuwa nayo moyo ungesita, maana haya ya zamani yalitengenezwa na seremala miaka ya tisini, fremu zake ni mbao ngumu na milango yake plaiwudi nene. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Maji yakipenya kwenye kingo ambazo hazikuzibwa, inavimba na hairudi tena. Kung'oa mbao nzima ili niweke hiyo, kisa rangi imechakaa, niliona ni hasara juu ya hasara.

Nikaamua kuyapaka mwenyewe. Niseme mapema ninachokiamini baada ya kuifanya kazi hii: sehemu kubwa yake ni kuosha na kusubiri. Kupaka kwenyewe ni kipande kifupi, na ndicho tunachokikimbilia.

Kwanza nilizunguka na bisibisi nikichokoa kila kona. Mbao ikiwa imeoza, ncha inazama bila kusukumwa. Chini ya sinki ilizama, kwa hiyo ule ubao mmoja niliutoa, nikapeleka vipimo kwa seremala wa mtaani akanikatia mwingine. Kwingine kote kulikuwa kugumu. Ningekuta mchwa ndani ya fremu, nisingehangaika na rangi; huwezi kupamba kitu kinacholiwa.

Halafu nikataka kujua rangi iliyopo ni ya aina gani. Ipo njia rahisi: chovya pamba kwenye spiriti ya kusafishia vidonda, sugua mahali pamoja kwa dakika moja hivi. Rangi ya maji italainika na kuacha alama kwenye pamba. Yangu haikutoa kitu, ikabaki ngumu na kahawia vilevile, nikajua ni ya mafuta. Hapo kuna jambo la kulichukulia kwa uzito. Rangi nyingi za mafuta za zamani ziliwekwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Huwezi kuyaona kwa macho, kwa hiyo mimi niliyachukulia kwamba yamo. Wanangu walikwenda kwa bibi yao Mbagala, na msasa wote wa rangi ile ya zamani niliupiga kwa maji: msasa mweusi usioharibika ukilowa, ndoo pembeni, barakoa usoni. Tope linalotoka unalifuta kwa tambara kabla halijakauka likawa vumbi. Usifagie hata kidogo.

Majira nayo niliyachagua. Masika sishauri mtu aguse rangi ya mafuta hapa Dar; hewa ina maji, rangi inachelewa kukauka na inaweza kufifia mng'ao. Nilisubiri kipupwe, mwezi wa sita, hewa ikiwa kavu kidogo. Tatizo la kipupwe ni upepo wa kusi unaobeba vumbi la barabara yetu ya vumbi. Dawa yake ilikuwa kupaka asubuhi mapema kabla magari hayajachangamka, sakafu ikiwa imepigwa deki, na dirisha la upande wa barabara likiwa limefungwa huku la uani likiachwa wazi.

Sasa kuosha. Jiko letu limepikiwa kwa mkaa, kisha mafuta ya taa, kisha gesi, na vitumbua vimekaangwa humo miaka nenda rudi. Mafuta yanayoruka na mvuke hayapotei. Yanatua kwenye milango, yanashika masizi, yanakauka, yanakuwa utando unaonata. Kwenye mlango ulio juu ya jiko nilipitisha ukucha, ukachora mstari mweupe na kutoka na kitu cha kahawia kama ulimbo. Rangi mpya haiwezi kushika hapo. Na ukipiga msasa kabla ya kuosha, unayasukuma mafuta yaingie ndani ya mbao, ukajiongezea kazi.

Nilifungua milango yote kumi, droo, bawaba na vishikio. Kila mlango nikauandika namba kwa kalamu ya wino pale bawaba inapokaa, mahali ambapo hapapakwi, na namba hiyohiyo kwenye fremu. Milango ya zamani kila mmoja una tabia yake. Wa tatu hauwezi kukaa kwa wa nne hata ukilazimisha. Halafu maji ya moto, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na waya wa kusugulia sufuria kwenye yale madoa sugu. Naosha, nasuuza kwa maji safi, naosha tena. Kipimo changu kilikuwa tone la maji: likitawanyika vizuri, pamesafika, likijikunyata na kuteleza, huenda bado pana mafuta. Mlango ule wa juu ya jiko ulinisumbua kuliko yote. Mwisho kabisa, baada ya kukauka, nilipitisha kitambaa chenye spiriti nyeupe, ile ya dukani kwa rangi. Msitumie mafuta ya taa kwa kazi hiyo. Ni rahisi, ndiyo, lakini yanaacha utando wake mwenyewe na yanachelewesha rangi kukauka. Na mtungi wa gesi utoeni nje kabisa kabla ya kufungua kopo lolote la tina (kile kiyeyusha rangi) au spiriti.

Msasa haukuhitaji nguvu. Si lazima umenye rangi ya zamani yote mpaka mbao ionekane. Unachotaka ni kuondoa mng'ao, uso uwe na ukwaruzo kidogo ili rangi mpya ipate pa kushika. Palipokuwa panabanduka ndipo nilipokwangua hadi pagumu. Mashimo nikayajaza puti ya mbao. Matundu ya skrubu yaliyolegea, yale yanayofanya mlango uning'inie upande, niliyachomeka vijiti vya kiberiti vilivyopakwa gundi ya mbao, ikakauka usiku kucha, nikakata vilivyobaki nje. Skrubu ileile ikakaza.

Rangi nilikwenda kununua Kariakoo, na nilikwenda na vipimo. Mlango mmoja ni sentimita 40 kwa 60. Pande mbili ni karibu nusu mita ya mraba. Milango kumi, fremu na droo, jumla kama mita nane za mraba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unapaka nini?"

"Makabati ya jikoni."

"Chukua galoni."

Nikamwonyesha karatasi yangu, nikamwomba tusome kopo pamoja. Rangi ile ya mafuta lita moja inafunika zaidi ya mita kumi za mraba kwa mkono mmoja, yaani ukiipaka mara moja. Kwa mikono miwili, lita mbili zinatosha na kubaki. Akacheka, akarudisha galoni. "Basi lita mbili. Ila praima usiache. Watu wanaiacha, rangi ikibanduka wanakuja kunilaumu mimi."

Praima, yaani ile rangi ya chini inayotangulia, niliichukua ya mafuta. Inashika kwenye rangi ya zamani, inasaidia kuziba utomvu wa vifundo vya mbao, na inafanya rangi ya juu isinywewe. Ilipokauka niliikwaruza kwa ukucha mahali pa siri. Haikutoka. Nikapitisha msasa laini juu yake na kufuta vumbi.

Kwa rangi nilichagua krimu kwa makabati ya juu na kijani kilichofifia kwa ya chini. Nyeupe kabisa niliikataa kwa sababu: rangi nyeupe ya mafuta inageuka manjano, na inageuka haraka zaidi mahali pasipofikiwa na mwanga, yaani pembeni na ndani ya milango. Krimu inalificha hilo. Ndani ya rafu sikupaka chochote, niliosha tu.

Milango niliilaza juu ya vipande vya mbao nilivyopigilia misumari, ncha zikitazama juu, ili nipake upande mmoja na kuugeuza bila kuuharibu. Ikilala, rangi haichuruziki. Brashi ndogo kwenye kingo na mikunjo, kisha rola ya sponji ya inchi nne kwenye uso, mipitisho ya mwisho yote ikielekea upande mmoja. Mikono iwe myepesi. Rangi ya mafuta inakauka kwa kukutana na hewa. Ukiipaka nene, juu inafanya ngozi na chini inabaki mbichi, baadaye inakunjamana. Mkono wa kwanza ulionyesha kahawia kwa chini na nilitamani sana kuongeza palepale. Niliacha hadi kesho yake, nikapitisha msasa laini, nikapiga wa pili. Ukafunika.

Bawaba sikununua mpya. Nilizichemsha kwenye sufuria kuukuu yenye sabuni, nikazipiga mswaki, nikazikausha na kuzitia tone la mafuta ya cherehani. Nilichonunua ni vishikio, kwa kuwa vya zamani vilikuwa vimepasuka. Hesabu yote, pamoja na vishikio, ule ubao wa chini ya sinki na nauli, haikufika laki moja na nusu.

Rangi kukauka si sawa na rangi kukomaa. Kesho yake unaweza kuigusa, lakini ugumu wake kamili unakuja baada ya wiki kadhaa. Muda huo wote milango niliiacha wazi kidogo usiku ili isigandane na fremu, na sikuifuta kwa sabuni kali. Vyombo vizito nilivirudisha taratibu. Watoto walipotoka kwa bibi yao niliwaomba wafungue kwa kishikio, si kwa kusukuma ukingo, nao wamezoea.

Mlango wa juu ya jiko ninaufuta kila nikimaliza kukaanga, kitambaa kibichi tu, mafuta yakiwa bado hayajakauka. Rangi iliyobaki niliimimina kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, nikaandika juu yake ni ya kabati la chini. Sufuria imeshagonga ukingo wa droo na kuchubua. Nilipaka kidogo kwa brashi ya mtoto ya kuchorea, na alama haionekani.