Gari ya kulala familia na kuvuta boti: niliichagua kwa mizani ya karafuu

Siku niliyomwonesha mke wangu picha ya gari niliyoitaka, hakuuliza bei. Aliuliza, "Mama atapanda vipi?" Mie nilikuwa nimeshapiga hesabu za injini, za matairi, za mchanga wa pwani ya Vumawimbi, mpaka kamba ya kukokotea nimeshaipigia hesabu. Pa mama kukanyaga sikupafikiria. Miezi mitano iliyofuata ilikwenda hivyohivyo, kila nikidhani nimemaliza hutoka jambo dogo likanirudisha nyuma.

Tunakaa Chake Chake, Pemba. Nyumbani tupo watano: mie, mke wangu, mama yangu na watoto wawili. Nina boti ya faiba ya mita tano na mashine ya farasi 40, navulia siku za mapumziko. Nilichokitaka ni hiki: skuli zikifungwa tupakie vitu, tuifunge boti nyuma, twende Makangale au Kiuyu, tulale hukohuko siku mbili tatu. Gari hiyohiyo siku nyingine iende sokoni na skuli. Uwezo wa gari mbili sina.

Gari-nyumba zenyewe, zile zenye choo na jiko ndani, nilizitazama sana kwenye simu, tena usiku watu wamelala. Ulaya nyingi hujengwa juu ya Fiat Ducato, na kawaida hazivuki kilo 3,500 kwa sababu leseni ya gari ndogo kule inaishia hapo. Ducato huvuta kwa magurudumu ya mbele. Sasa fikiria umeifunga boti nyuma: pua ya tela inakandamiza mkia, mbele kunakuwa kwepesi, na mbele ndiko kunakovuta. Kwa mteremko wa pwani wenye ukoka na mwani, hiyo itazunguka palepale mpaka maji yajae. Na zinakwenda juu karibu mita tatu. Aliyepita njia za ndani za msitu wa Ngezi anajua matawi yalivyolala.

Rafiki yangu mmoja akanitia tamaa ya Coaster. "Yakhe, toa viti, tia kitanda, basi," aliniambia. Coaster sote tumeipanda. Lakini simama ubavuni uitazame: mkia unaobaki nyuma ya magurudumu ni mrefu mno. Kila ikitoka kwenye shimo, mkia unakwenda chini, na kichwa cha kufungia tela kipo hapohapo kwenye ncha ya mkia. Itakuwa jembe. Noah ya fowili, yaani inayovuta kwa magurudumu yote manne, sikukaa nayo hata siku moja, iko chini sana.

Zilizobaki ni tatu: HiAce ya fowili, Prado ya zamani yenye injini ya 1KZ, na Mitsubishi Delica, ile ya muundo ulioanza 1994.

HiAce ndiyo niliyoipenda kwanza. Nafasi ndani kama ukumbi, na vipuri vyake hata Konde unapata. Nikaazima ya jamaa tukaenda nayo Vumawimbi, bila boti. Njia ya kushukia imeshikana, hakuna tabu. Pale mchanga unapokuwa mweupe na laini kama unga wa muhogo, ikasita. Fowili ya HiAce ile haina gia ya nguvu, ile mafundi wanayoita lo, wala hakuna wenzo wa kuifunga mbele na nyuma zizunguke pamoja. Husubiri nyuma kuteleze kwanza ndipo mbele kusaidie. Mpaka mbele kulipoamka, nyuma kulikuwa kumeshachimba kaburi. Tulitoa upepo kwenye matairi kutoka 36 mpaka 18, tukakata makuti ya kuweka chini, ikatoka. Ikiwa tupu haitaki, na boti je?

Prado ilikuwa kinyume chake. Ina lo, ina fremu nzima chini yake, kuvuta ndiyo kazi yake. Nilijilaza ndani nikiwa nimekunja viti, kichwa kikagusa kiti cha mbele na miguu ikagusa mlango. Hapo ni mtu mmoja. Mke wangu alinitazama nilivyojikunja akaondoka bila kusema kitu.

Delica nilikuwa naidharau, nadhani kwa sura. Kumbe chini yake ina mashine za Pajero. Injini ya 4M40 ya lita 2.8 ya dizeli ndiyo ya Pajero, na wenzo wa pili pembeni una hatua nne: kuvuta nyuma tu, kuvuta kote, kuvuta kote ukiwa umefunga katikati (mbele na nyuma zizunguke pamoja), na hiyo ya mwisho pamoja na lo. Ukiwa kwenye lami iliyolowa unaweza kuvuta kote bila kuumiza kitu, mradi hujafunga katikati. Viti vya kati na vya nyuma hukunjika vikawa kitanda. Ila ni ndefu kwenda juu na inayumba kwenye kona, na kuipanda kunataka goti zuri.

Goti zuri mama hana. Siku tuliyokwenda kuitazama gari kwa mtu, tukiwa Unguja, alipewa mbuzi ya kukunia nazi akanyage. Aliitazama mbuzi, akamtazama mwenye gari, akasema, "Mwanangu, hii ina jino." Fundi seremala alitengeneza kibao cha mvule chenye hatua mbili, kinakaa chini ya kiti cha mbele. Mambo ya ngazi yakaisha hapo.

Gari ikavuka kwa meli mpaka Mkoani, nikawa bwana mkubwa. Sasa ndiyo lililonichosha linaanza.

Karatasi ya Japani inayokuja na gari ina uzito wa aina mbili: gari ikiwa tupu, na gari ikiwa imejaa. Nilitoa moja kwa nyingine nikapata kilo 440. Nikafurahi, nikasema hizo ndizo za mizigo yangu. Fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kuagiza magari ndiye aliyenifumbua macho. Wajapani, kwa gari ya abiria, humhesabu kila mtu kilo 55. Viti vinane mara 55 ni 440. Kwa maneno mengine, karatasi inasema gari hii inachukua watu wanane wembamba na hakuna hata kikapu. Gari za mizigo huandikiwa uzito wa shehena, hii yangu si ya mizigo. Na habari ya kuvuta tela, karatasi haisemi chochote.

Nikaichukua familia nzima mpaka kwa ami yangu, Konde. Ami ana mizani ya kuning'iniza, ya karafuu kavu, imefungwa kwenye boriti la banda. Karafuu mbichi kwake hupimwa kwa pishi, wachumaji wakilipwa, lakini zikishakauka huwa ni kilo na hapo hana mzaha. Mizani yake anaiamini kuliko watu. Nilipomwambia nataka kupima godoro, alidhani nimechanganyikiwa.

Tulipima kila kitu. Watoto walining'inia kwa kamba ya gunia wakicheka. Mie kilo 84, mke wangu 71 (alikubali kwa sharti kwamba ami ageuze uso), mama 58, watoto 41 na 26. Jumla 280. Zimebaki 160. Mtungi mdogo wa gesi, jiko na masufuria, 22. Godoro na mbao zake, 35. Chakula na nguo, 35. Madumu matatu ya maji ya lita ishirini, kilo 60 na ushei. Zimebaki nane, na boti bado hatujaifunga.

Boti yenyewe haikokotwi bure. Pua ya tela hulala juu ya mkia wa gari, na uzito huo ni wa gari, unatoka kwenye zilezile 440. Hilo nililijua kwa kusoma, ila sikulitilia maanani mpaka liliponitia hofu barabarani. Wiki moja kabla, nikitoka Wete na boti nyuma, kwenye mteremko, mwendo kama kilomita 60 kwa saa, nikahisi mkia wa gari unavutwa kushoto. Halafu kulia. Halafu kushoto zaidi. Kwenye kioo naiona boti inacheza ngoma peke yake. Mguu wangu ulitaka breki, nikaukataza, nikaachia mafuta tu na kushika usukani bila kuuzungusha. Ikatulia ilipofika 40. Mama alikuwa anasoma uradi, hakunyanyua kichwa. Mke wangu alinyanyua.

Basi pale kwa ami tukaitundika pua ya tela kwenye mizani, gari ikiwa imeshafunguliwa na tela limesimama sawa na ardhi. Kilo 28. Tela, boti, mashine, mafuta na nanga, kwa hesabu yetu, ni kama 760. Pua inatakiwa iwe karibu na sehemu moja ya kumi ya uzito wote, na yangu haikufika hata nusu. Sababu ilikuwa wazi ukiitazama: mashine ya 40 peke yake ni kilo sabini na zaidi, na inaning'inia nyuma kabisa, na tangi la mafuta nililiweka hukohuko nyuma nisijikwae nalo. Tela lenye pua nyepesi ndilo linalotikisa mkia.

Tuliisogeza boti mbele juu ya tela, fundi akahamisha kile kizuizi cha omo, yaani cha mbele ya boti, sentimita thelathini na kidogo. Tukapima tena: 68. Ami akasema, "Sasa imekaa kama gunia." Sijapata kuyumbishwa tena, na sivuki 60 kwa hali yoyote, kwa sababu tela langu halina breki zake. Kwa Ulaya mwisho wa tela lisilo na breki ni kilo 750, nami kwa hizo 760 nimeshaupita kidogo. Sijivunii.

Ila kilo 68 hizo zimeingia kwenye gari, na nilikuwa na nane tu. Nimezidi kwa 60. Hapa ndipo nilipoanza kukata. Kiti cha nyuma kabisa, cha watu watatu, nilikifungua na kukitundika: 38. Tupo watano, viti vya mbele na vya kati vinatutosha, na kitanda cha mbao kikakaa pale pa kiti. Maji nikabakisha dumu moja. Pemba hii, kijiji gani hakina kisima au mfereji? Hivyo viwili vilitosha, na kilo kumi na nane nikabaki nazo. Hema la juu ya paa nililokuwa nimeshalichagua nikaliacha. Kilo zake ni nyingi, tena zipo juu, kwenye gari ambayo imeshakuwa ndefu.

Kwa hiyo ndani wanalala mama, mke wangu na binti. Mie na kijana tunalala ndani ya boti, juu ya tela, chini ya turubali. Yeye anaona ndiyo sehemu bora. Mgongo wangu una maoni mengine.

Jambo jengine ni joto. Vilima vya Pemba ni vifupi lakini haviishi, na injini ya Delica ipo chini ya viti vya mbele, upepo unaifikia kwa tabu. Hizi 4M40 zikichemka silinda hedi hupasuka, na 1KZ ya Prado ina ugonjwa huohuo, kwa hiyo nisingeukimbia. Sindano ya joto iliyokuja na gari husimama katikati mpaka mambo yawe yameshaharibika. Nilifungisha geji nyingine yenye tarakimu, nikasafisha radieta, na nikivuta boti nazima kile kitufe cha gia ya juu kabisa ili giaboksi isihangaike kupanda na kushuka. Kilima kikiwa kikali nashuka gia mapema, nakwenda polepole, na wa nyuma asubiri.

Kuitoa boti majini ndipo lo inapojilipa. Tunangoja maji yajae, bamvua ikiwa kubwa ndiyo nzuri, magurudumu ya gari yabaki pakavu na ya tela tu yaingie. Beringi za tela haziwezi chumvi, kila tukirudi nazimwagia maji baridi na kutia grisi.

Kwa sheha tunakwenda kwanza, kila tunapotaka kulala. Hajapata kutukatalia. Waliotukatalia ni jamaa. Ami alikasirika kweli: "Mna ndugu kila kijiji, mtalala ndani ya gari kama mliofukuzwa?" Ikabidi usiku wa kwanza wa kila safari uwe kwake, tukale wali wa nazi na pweza, tukalale kitandani, ndipo kesho tuwe na ruhusa ya kulala pwani. Safari iliyopita alikuja kututazama Makangale alasiri, akajinyoosha kwenye godoro la gari "ajaribu tu". Tulimwamsha magharibi.

Kiti cha nyuma bado kipo stoo. Mama ameshaniuliza mara mbili kilipo, maana dada yake wa Mkoani naye anataka kuja likizo ijayo. Kilo 38 za kiti nazijua. Za khalati yangu nani atakwenda kumuuliza?