Tuta la mchanga: nodi za ukuta wa nyuma zimetulia

Baada ya wiki tatu za kukwama, programu yangu ya kukokotoa mvujo wa maji ndani ya tuta imetoa jibu lililotulia, nalo linakaribiana na ninachokiona kwenye tangi la kioo uani kwangu hapa Moshi: mchanga wa upana wa sentimita 60, maji ya kimo cha sentimita 30 upande wa juu, upande wa chini mkavu, na rangi nyekundu inayochuruzika kwenye ukuta wa nyuma kuanzia takriban sentimita 6 kutoka chini.

Tatizo lilikuwa kwenye ukuta huo. Maji yanapotokea hewani shinikizo lake ni sifuri, na juu ya hapo hakuna kinachotoka, lakini mpaka wa hali hizo mbili haujulikani kabla hesabu haijaisha. Nilikuwa nikikagua nodi zote za ukuta, yaani pointi ambazo programu hukokotolea shinikizo, kwa pamoja: iliyovuta maji kuingia ndani niliifunga, na iliyofungwa ikipata shinikizo chanya niliifungua. Nodi ya 4 hadi ya 9 zikawa zinafunguka na kufungika kwa zamu, mizunguko 500, bila kutulia hata kidogo. Iliniuma, kwa sababu kanuni ya mhandisi Mfaransa Dupuit ya mwaka 1863 hutoa kiasi sahihi cha maji yanayopita kwenye tuta la kuta wima kwa hesabu ya mstari mmoja, ingawa uso wake wa maji hushuka hadi chini kabisa kana kwamba ukuta hauvuji.

Dawa ilikuwa kubadilisha nodi moja tu kwa kila mzunguko, ile iliyo mpakani, na kupunguza upenyezaji (wepesi wa kupitisha maji) wa sehemu kavu taratibu hadi moja ya elfu badala ya kuukata ghafla. Mizunguko 23 ikatosha, na maji yakatokea kwenye sentimita 5.5. Kosa lenyewe nililiona kwenye Excel, wala si kwenye Python, kwa sababu huko kila seli huonyesha namba yake waziwazi. Anayeanza hesabu hizi namshauri aanzie kwenye jedwali.

Nilipanga sasa kuweka chujio la mawe mguuni mwa tuta, lakini ndiva (bwawa dogo la umwagiliaji) ya mjomba kule Same imenivuta kwingine. Tuta lake lilishindiliwa tabaka kwa tabaka, hivyo maji hupita kwa ulalo kwa urahisi kuliko kwa wima. Nikichukua uwiano wa 9 kwa 1, vipimo vya ulalo hugawanywa kwa 3 (kipeuo cha pili cha 9), na maji hutokea juu zaidi kwenye mteremko wa nyuma, upande uleule ambao mjomba hunionyesha nyasi mbichi katikati ya kiangazi. Jumamosi nakwenda na futi na mpira wa maji kupima nyasi hizo zinaanzia wapi.