Usiku Disko Letu Lilipohamwa

Mwezi ukijaa, dagaa hawavuliki. Uvuvi ule wote unategemea taa: unaielekeza majini gizani, dagaa wanaifuata, unawazungushia wavu. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima lina mwanga. Nani ahangaike na kataa kako? Basi mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, na wavuvi wanabaki na hela mfukoni na usingizi uliokwisha kuzoea kuja mchana. Kwa mwenye muziki wa kukodisha, hizo ndizo siku zake.

Binamu yangu alikuwa na muziki: spika nne, amplifaya, jenereta la Kichina, na laptopu aliyokuwa akiifunika kwa kitambaa cha kufumwa kama televisheni ya bibi. Mimi nilikuwa mbebaji, mfunga nyaya na mlinzi wa petroli isinywewe na pikipiki za watu. Julai 2018 tukapata kazi kwenye mwalo mmoja upande wa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Tajiri wa mitumbwi alitoa kianzio, tukapakia kila kitu kwenye kirikuu, tukaenda.

Kufika tukakuta mwenye kilabu cha ng'ambo ya uwanja naye kaleta mtu wake. Kijana mwembamba wa Manzese, Dar es Salaam, aliyekuwa kwa shangazi yake Buzuruga. Spika zake mbili tu, moja inakoroma. Binamu alimtazama akacheka puani.

Na alikuwa na haki ya kucheka, maana alikuwa fundi. Alikuwa anaunganisha hausi ya Afrika Kusini na bongo fleva, mapigo 120 na kitu kwa dakika, husikii mshono. Watu walikuja. Walisimama na bia zao, wakatikisa vichwa, wakamsifia. Katikati pale, mahali pa kuchezea, palibaki mchanga mtupu.

Ndipo ng'ambo ikaanza singeli, ule muziki wa kasi wa Dar. Siku hizo haikuwa ngeni redioni, waimbaji Msaga Sumu na Man Fongo walishaifikisha, na mwaka mmoja nyuma lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikuwa imetoa mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Dar, ukasikika hadi Ulaya. Lakini kuisikia redioni si sawa na kusimama mbele ya spika yake. Mapigo 200 na zaidi kwa dakika, kipande cha kinanda kinajirudia mpaka kichwa kinawasha. Ni mtoto wa mchiriku na vigodoro vya uswahilini, haina adabu ya kusubiri. Mzee mmoja aliyekaa juu ya dumu pembeni yangu aliniuliza kama sidii ya yule kijana imekwaruza.

Kisha watu wakaanza kuhama. Kwanza vijana, wakakimbia kabisa. Halafu wamama waanikaji wa dagaa, kwa mwendo wa kwenda kuchungulia tu. Yule mzee akatikisa kichwa.

"Mmeshindwa, ng'wanawane," yaani mwanangu, kwa Kisukuma.

Nikamwambia muziki wetu ni mzuri zaidi. Akanitazama kwa huruma. Ujanani alikuwa mchezaji wa Bagalu, moja ya makundi ya ngoma ya Wasukuma, akaniambia, na mashindano yao na wapinzani wao Bagika baada ya mavuno hayakuwa na kingine cha kupimwa: makundi mawili yanacheza muda mmoja, kila moja upande wake, watu wanakimbilia wanakotaka. Mtu analeta chatu, mwingine dawa ya mvuto, mwingine kichekesho, ilimradi watu waje. "Hesabu watu," akasema, halafu naye akachukua fimbo yake akavuka uwanja. Nikamfuata. Binamu aliniona, akaongeza sauti.

Kule nilichokikuta sikuwa nimekiona kwenye disko letu hata siku moja. Kijana ameiweka laptopu ubavuni ili isimkinge. Kibodi ina vitufe vilivyong'oka, yeye anagonga kile kidude cha mpira kilichobaki chini, ta-ta-ta-ta, kipande cha wimbo kinaanza upya kabla hakijaisha. Kioo hakitazami. Anatazama miguu.

Mbele ya ile spika inayokoroma alikuwa mwanamke mmoja, kanga kaifunga kiunoni kwa fundo moja, mikono bado ina harufu ya dagaa. Alinyoosha kidole juu: ongeza. Kijana akaongeza. Akanyoosha tena. Akaongeza tena. Kiuno chake kilikuwa kinakwenda mbio, ila uso umetulia kabisa, anatazama mbali kama mtu aliye kwenye foleni ya zahanati. Kijana akakata besi ghafla. Yule mama akaganda, goti moja limekunjwa, kidole bado hewani. Uwanja mzima ukapiga kelele. Alikaa hivyo mpaka yeye alipotaka, akashusha kidole, na besi ikarudi nacho. Vumbi likapanda mpaka kwenye balbu.

MC naye, kifua wazi, hakuwa akiimba sana. Alikuwa anaita mitumbwi kwa majina, na mtumbwi ukiitwa wavuvi wake wote waingie kati, asiyeingia anatajwa. Noti zikawa zinabandikwa kwenye vipaji vya nyuso.

Niliwahi kusoma kwamba mwaka 2012 Deadmau5, yule Mkanada anayevaa kichwa cha panya, aliandika kwamba yeye na wenzake wote jukwaani wanabonyeza tu kitufe cha kuanzisha muziki, na watu wakamjia juu. Mimi sioni aibu ya kitufe. Pale Igombe kilibonyezwa mbele ya macho yangu usiku kucha, na mwenye kuamua kibonyezwe lini alikuwa amefunga kanga.

Kama saa nane hivi jenereta letu likanyamaza. Nikadhani petroli. Kumbe binamu kalizima mwenyewe. Akaja, akasimama nyuma ya yule kijana muda mrefu bila neno, halafu akainama kwenye ile spika mbovu, akaipiga kofi, akamwambia, "Dogo, hii itakufia. Vuta waya uje kwenye zangu." Tukahamisha spika zetu nne, na singeli ikapigwa humo mpaka alfajiri.

Asubuhi tajiri akagoma kumalizia hela. Alikodi muziki wetu, alisema, si wa yule wa Dar. Binamu akasema spika ni zetu. Tajiri akasema spika haziimbi. Ubishi ulikuwa mrefu, mama wa kanga akauingilia kwa niaba yetu, na mwisho tukalipwa madebe mawili ya dagaa wakavu. Kijana wa Manzese akapanda nasi kirikuu, juu ya spika. Binamu alimpa flashi amwekee nyimbo. Akaiweka mfukoni, akasema nyimbo atatoa tukishauza dagaa. Tukapitia Mwaloni Kirumba, sokoni kwa dagaa.