Jioni juu ya Mto Waal

Askari wa miavuli wa Rejimenti ya 504 ya Marekani waliuvuka Mto Waal mjini Nijmegen, Uholanzi, mchana kweupe: saa tisa alasiri, tarehe 20 Septemba 1944. Walitaka kuyateka madaraja ya mji, yaliyoshikwa na Wajerumani, kutokea ng'ambo. Walipewa boti 26 za turubai. Makasia hayakutosha, wengine wakapiga maji kwa vitako vya bunduki, na moshi uliotakiwa kuwaficha ukapeperushwa na upepo. Takriban nusu ya boti ndizo zilizorudi kuchukua kundi la pili. Walioziendesha ni wahandisi wa jeshi, watu wanaosahaulika mno: wenzao walivuka mara moja, wao ilibidi wageuze na kuingia tena kwenye risasi.

Leo hapo pana daraja, De Oversteek, nami nilifika jua likikaribia kuzama. Kila jioni taa zake huwaka jozi baada ya jozi, jozi 48 kwa Wamarekani 48 waliouawa katika uvukaji ule, kwa mwendo wa polepole wa gwaride. Tangu Oktoba 2014 askari mstaafu hutembea sambamba nazo, na yeyote anaruhusiwa kumfuata. Tulimfuata. Magari yalitupita kasi, baiskeli zikapiga kengele, chini yetu matishari yakielekea Ujerumani. Nilifurahi kwamba hakuna aliyefunga barabara kwa ajili yetu.

Makaburi, hata hivyo, hayako hapo. Kesho yake nilipanda basi hadi Groesbeek, kwenye makaburi zaidi ya 2,600, mengi ya Wakanada. Wengi wao walifia Ujerumani. Walifukuliwa na kuletwa huku kwa sababu Jenerali Crerar, kamanda wa jeshi la Kanada, hakutaka wazikwe katika ardhi ya adui. Walivuka mpaka wakiwa hai, wakavushwa tena wakiwa maiti.

Wamarekani wa Waal nao walihamishwa. Walizikwa kwanza Molenhoek, jirani na Nijmegen, kisha baadhi wakarudishwa kwao na wengine wakapelekwa Margraten, kusini kabisa, karibu na Maastricht. Huko kila kaburi lina Waholanzi waliojitolea kulitunza na kulipelekea maua, na wanaotaka kufanya hivyo bado wanasubiri foleni.

Mawe mengi ya Groesbeek yana umri wa marehemu. Ya Margraten hayana: ni jina, cheo, kikosi, jimbo na siku ya kufa. Nililitafuta lenye 504 na tarehe ile ya Septemba, nikalipata, na sikuweza kujua kama ni la kijana mbichi au la baba wa watoto.