Kisichoonekana kwenye slaidi

Wiki hii nimesoma habari nyingi za vyuo vikuu vinavyochunguza mishipa ya damu: tuzo, ruzuku, wanafunzi waliopata uzamivu. Nyingi nimezipita haraka. Moja imenishika, ile ya jinsi vimelea vya malaria vinavyonata kwenye mishipa, kwa sababu inagusa kazi yangu ya kila siku maabara, hapa Malindi.

Zamani mshipa ulihesabiwa kama bomba la kupitishia damu, basi. Robert Furchgott, aliyekuwa chuo kikuu huko Brooklyn, alishangaa vipande vya mshipa wa sungura vilipolegea siku moja na siku nyingine vikakaza, kwa dawa ileile. Chanzo kilikuwa utando mwembamba wa ndani: ukikwanguliwa wakati wa kuandaa kipande, mshipa haulegei. Kilichomfikisha hapo ni jaribio ambalo fundi wake wa maabara hakulifuata kama alivyoelekezwa. Makala yalitoka 1980, na Nobeli ikaja 1998, akiwa na Louis Ignarro na Ferid Murad, baada ya kujulikana kwamba utando ule hutoa gesi ya nitriki oksaidi inayoulegeza mshipa. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba mikono ya fundi ilikuwemo. Sisi watu wa maabara hatutajwi sana tuzo zikitangazwa, na tungestahili.

Sasa malaria. Natoboa kidole, napaka tone kwenye slaidi, natia rangi ya Giemsa, nasubiri, kisha nahesabu kwa darubini. Ninaowaona ni vimelea vichanga, vile vyenye umbo la pete. Kimelea cha falsiparamu, aina ya malaria iliyo hatari zaidi, hukaa ndani ya chembe nyekundu ya damu kama saa 48, na karibu nusu ya pili ya muda huo chembe hiyo haizunguki tena. Imejinata kwenye ukuta wa mishipa midogo, hata ya ubongo. Damu ya kidoleni hainionyeshi hao.

Wananata wapi hasa? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na wenzao walionyesha kwamba vimelea vya malaria kali hushika kipokezi cha protini C kilichopo kwenye utando uleule. Kwa kawaida kipokezi hicho husaidia kuzuia damu isigande na kuutuliza ukuta wa mshipa. Kwangu mimi haya ni mafanikio makubwa kuliko tuzo yoyote, maana yanatusogeza karibu na kuelewa kwa nini mtoto anapata degedege, lile ambalo wazee wetu huliita nyuni, wakati slaidi yake haitishi.

Juzi bibi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, wasema wadudu ni wachache, mbona mjukuu wangu kalegea hivi?"

"Bibi, hao ni wanaoonekana tu. Wengine wamejificha kwenye mishipa. Tafadhali msimtoe wodini."

Kwenye slaidi ya yule mtoto, chembe nyeupe kadhaa zilikuwa na punje za kahawia iliyokolea, mabaki ya vimelea vilivyokomaa na kupasuka. Ni dalili kwamba waliojificha huenda ni wengi. Hesabu ya pete ilikuwa ndogo, lakini nikaandika na punje zile kwenye fomu, kwa herufi kubwa, nikaipeleka mwenyewe mkononi mwa daktari wa zamu.