Moreni ya Lewis haikuingia kwenye ramani

Kazi tuliyopewa na daktari wetu wa jiografia ilikuwa rahisi kuieleza: tupime mwinamo wa moreni, yaani matuta ya kifusi yaliyoachwa na barafuto (mto wa barafu) ya Lewis, Mlima Kenya, tulinganishe na ramani tuliyoitengeneza Nairobi kwa data za rada zilizokusanywa kutoka angani mwaka 2000. Kwenye kompyuta moreni ile ilikuwa na nyuzi 20 na kidogo. Mtu angedhani ni pa kupandia huku anapiga soga.

Tuliondoka Mackinder's Camp, kama mita 4,200, kungali giza. Juu ya Bonde la Teleki tukaikuta moreni yenyewe: tuta la mawe na vumbi, mgongo wake mwembamba, kila upande umeporomoka. Mwenzangu alishuka na ufito tuliofunga utepe mwekundu usawa wa jicho langu, kwa sababu ukilenga miguu ya mtu badala ya usawa wa jicho lako, klinomita, kile kifaa cha kupimia mwinamo, itakudanganya. Mzee mpagazi akamfokea, "Kijana, jiwe hilo limelala tu, halijashika! Pitia huku."

Upande wa nje nilisoma nyuzi 28. Upande wa ndani, ulioegemea barafu zamani, 37. Nikarudia, 36. Kifusi kikavu hakisimami kwa urahisi zaidi ya hapo. Barafu iliyokuwa ikiutegemeza ukuta ule imeyeyuka, na mawe yalikuwa yakiteleza tukiyaangalia.

"Kompyuta imekosea, Daktari?" nikauliza.

"Imefanya ilichoambiwa." Akachuchumaa, akachora vimraba tisa vumbini. Kila kimraba cha data yetu kina upana wa mita 30 hivi, na mwinamo wa kile cha katikati hukokotolewa kwa kutazama majirani zake. Tuta lenye ubavu wa mita 20 linamezwa humo: linapanda, linashuka, na hesabu inabaki na wastani. Binafsi naona ramani ya namna hiyo ingeandikwa ukubwa wa vimraba vyake pale pale chini ya jina.

Mchana tulipima kuta za bonde lenyewe, zile zilizochongwa na barafu kwa umbo la U, zinazopanda mamia ya mita. Huko klinomita na kompyuta zilipishana kwa nyuzi mbili tatu tu, na mzee akatuuliza kama sasa tunaweza kwenda kunywa chai.